Nilimshika Mke Wangu, Akapigwa

Mimi shule ya jioni niliingizwa na baridi. Wako wanaosema waliingizwa na kiu ya elimu, nami nawaheshimu sana, lakini katika hili sitaki kuongeza chumvi, maana chumvi yangu nimeiweka kwa huko mbele. Mwenye kiu ya elimu alikuwa mke wangu. Alikuwa akipiga deki katika hospitali moja hapa London, wadi nne kila siku, na kila siku akiwatazama manesi wanavyomgeuza mgonjwa kitandani. Akirudi nyumbani ananigeuza mimi juu ya kochi kwa mazoezi. Niligeuzwa mwaka mzima bila ya kuumwa hata kichwa.

Pale hospitali walimwambia: mafunzo ya unesi utapata, akili unayo, mikono unayo, ila lete cheti cha Kiingereza. Basi akajiandikisha chuo cha jioni, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Mimi nilikuwa msindikizaji tu. Nilikaa koridoni juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, nikamngojea. Ilipofika Novemba masharubu yangu yaliganda, nikawa siwezi kucheka. Mwalimu, mzee wa Kiingereza mwenye sweta lililotoboka viwiko vyote viwili, akatoka akaniambia kwamba nikimfia pale nje itambidi ajaze fomu, na kwa kuwa fomu ni lazima, bora ajaze ile ya kuniandikisha. Nikaingia. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nane, Mapinduzi yalipotokea kwetu Zanzibar, na tangu hapo elimu yangu kubwa ilikuwa ya kuosha sufuria katika jiko la uwanja wa mpira, Wembley, sufuria ambazo ungeweza kumuogeshea ng'ombe na ndama wake.

Darasani palikuwa na watu kumi na wanane na hita moja. Hita yenyewe ilikuwa pembeni, dirishani, ikikohoa, na joto lake lilitosha kiti kimoja. Kiti hicho alikikalia mke wangu siku ya kwanza, na kwa sheria anayoijua kila mtu aliyewahi kusoma, kikawa chake.

Mpaka ilipofika Jumanne moja ya mvua. Tulichelewa basi, tukamkuta amekaa pale mama wa Kikenya, mwanafunzi mwenzetu, aliyekuwa akitoka Peckham kwa mabasi mawili. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani, na mabega yake yalionyesha kwamba wazee hao alikuwa akiwabeba wawili wawili.

"Samahani dada," mke wangu akamwambia, "hapo nimekaa mie."

"Umekaa namna gani, na ni mimi naona nimekaa?"

"Tangu Septemba."

"Sawa. Na mimi tangu saa hii."

Mke wangu hakujibu. Mimi ninayemjua nilijua kwamba angejibu ningelala salama.

Alhamisi yake akaja na sahani ya mandazi ya iliki kwa darasa zima. Akaipitisha kwa kila mtu, akamfikia yule mama wa mwisho, kwa adabu kubwa, na limebaki moja. Mama akalichukua, akaligeuza huku na huku, akalila lote kwa mara moja.

"Ni tamu," akasema. "Lakini hii ni ya sampuli, ama? Zile zenyewe zinakuja?"

Hapo ndipo darasa lilipogawika. Walioyapenda mandazi wakahamia upande wa mlango, kwa mke wangu, waliokuwa wakitamani hita wakahamia upande wa dirisha, kwa yule mama. Aliyebaki katikati alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, mwenye duka la vitambaa Wembley. Yeye alisema wote ni wateja wake na hawezi kuchagua. Ilifika mahali mtu wa mlangoni akipiga chafya, wa dirishani hawamwombei afya.

Mwalimu wetu hakuona hata kimoja katika hayo. Ndiyo kwanza akatuletea mchezo wa kusoma kwa mtihani, mchezo wa kale wa mapenzi unaojulikana dunia nzima. Anayeujua anaujua, asiyeujua namweleza kwa pumzi moja. Katika mji mmoja wa Ulaya kuna koo mbili kubwa zinazochukiana, na hapana anayesema kwa nini. Kijana wa huku anampenda binti wa kule, wanafunga ndoa ya siri. Siku hiyohiyo binamu wa yule binti anamfuata kijana njiani kutaka ugomvi. Kijana anakataa, maana huyo keshakuwa shemeji yake. Rafiki wa kijana haelewi, anaona ni woga, anachomoa upanga yeye. Kijana anaingia katikati kumzuia rafiki yake, na binamu anapitisha upanga chini ya mkono wa kijana, anamchoma rafiki. Kutoka hapo watu wanakufa mmoja baada ya mwingine mpaka wapenzi wenyewe.

"Mbona hawakupeleka washenga?" mke wangu akauliza, mkono juu.

Mwalimu akauliza washenga ni nani. Tukamweleza: wazee wa kwenda kuposa, wenye maneno matamu. Akasema ni wazo zuri, lakini swali la mtihani ni jingine: ugomvi na umwagaji damu katika mchezo huu vimetoka wapi, na wa kulaumiwa ni nani? Na kwa kuwa sehemu ya mtihani ilikuwa ya kusema kwa mdomo, tutauigiza ule ugomvi wa njiani, naye atatoa alama.

Akagawa nafasi. Mimi nikawa kijana mpenzi, kwa sababu nilikuwa mwanamume pekee aliyekubali kuvaa soksi ndefu. Umri wangu ulikuwa miaka arobaini na mbili, na tumbo langu lilikuwa likifika jukwaani kabla yangu, linawasalimu watu, halafu ndiyo nafika mimi. Bi arusi wangu akawa yule mama wa Mwanza, ambaye alikuwa na wajukuu saba.

"Angalau sina wasiwasi," mke wangu akasema. "Mkitoroka hamfiki stesheni."

Rafiki wa kijana, yule anayechomwa, akawa mke wangu. Na binamu mwenye hasira akawa mama wa Kikenya. Mwalimu alisema amewachagua hao wawili kwa kuwa wana sauti. Ni kama mtu anayechagua petroli kwa kuwa ina rangi nzuri.

Mapanga tuliletewa na mama wa Mwanza kutoka dukani kwake: magongo ya karatasi ngumu yanayozungushiwa majora ya vitambaa. Usidanganyike na neno karatasi. Gongo la jora ukimpiga nalo ng'ombe atakusamehe makosa yako yote. Mwalimu akatuonya kwamba gongo lisimguse mtu, na akatuonyesha tangazo la mkuu wa chuo lililobandikwa mlangoni: atakayempiga mwenzake ataondolewa, na cheti hapati.

Siku ikafika. Meza zikasukumwa ukutani, watu wakakaa, wa dirishani kwao na wa mlangoni kwao. Mke wangu na yule mama wakasimama katikati na magongo yao. Walianza vizuri, kwa Kiingereza cha kitabuni. Kiingereza kikawaishia mstari wa nne.

"Njoo basi, mnyang'anyi wa viti!"

"Kiti gani? Kiti ni cha serikali! Ama ulikuja nacho kutoka Zanzibar kwa kichwa?"

"Nilikuja na adabu! Wewe zako umezisahau kwenye basi lipi, la kwanza au la pili?"

"Adabu? Ni hiyo ulipika ile mandazi nayo? Ndiyo maana haikufura!"

Wa mlangoni wakaguna, wa dirishani wakapiga makofi. Mwalimu hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini uso wake uling'aa. Niliona alichoandika daftarini: hisia za kweli, vizuri sana.

Magongo yakapanda juu. Hapo ilikuwa zamu yangu kuingia kati. Na hapa lazima nisimame nimwingize bibi yangu, mama yake mama.

Bibi alinilea katika mtaa ambao ugomvi ulikuwa haupungui mara tatu kwa wiki, na alinifundisha namna ya kuamua. Wakipigana watu wawili, usimguse wa wenzio. Ukimshika wa wenzio utaambiwa umemshika ili wako ampige. Wewe mshike wako. Wao watamshika wao. Ndivyo tulivyofanya maisha yote: ugomvi ukizuka, milango inafunguka pande zote mbili, kila ukoo unatoka mbio kumkamata mtu wake, na wale wawili wanabaki kurusha mateke hewani na kupiga kelele, "Niacheni! Niacheni nimwonyeshe!" Hapana anayeachwa. Jioni mnapelekeana ndizi mbivu.

Basi mimi nikamshika wangu. Tena yule mwingine ningemshikaje? Mke wa watu! Niende nikamkumbatie mke wa mtu mbele ya darasa zima, na mke wangu akiwa na gongo mkononi? Nikaingia kati, mgongo kwa yule mama, nikamkumbatia mke wangu mikono yote miwili, barabara, kama mzigo wa kuni. Na gongo la jora likapita chini ya kwapa langu, palepale mchezo ulipolitaka lipite, likatua mdomoni kwake.

Mlio wake ulikuwa wa papai lililoanguka sakafuni. Mke wangu akakaa chini.

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu naye akasimama, akapiga makofi, akasema hajawahi kuona mfano wake katika miaka yote ya kufundisha. Halafu akaona damu.

Katika mchezo, rafiki akishachomwa hulaani zile koo mbili. Mke wangu alilaani ukoo mmoja tu.

"Ukoo wenu wote!" akaniambia, kiganja mdomoni. "Tangu bibi yako! Ukoo wenu wote na mikono yenu!"

Tukapelekwa kwa mkuu wa chuo, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba. Hakutaka maneno mengi. Wanawake wote wawili wasiingie darasani mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, siku atakayowasikiliza na kuamua. Tangazo walilisoma, akasema. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tano, na hospitali ilishamwambia mke wangu kwamba nafasi za mafunzo mwaka ule zinafungwa pamoja na matokeo.

Kwenye basi mdomo wake ulikuwa umefura hata ukawa kama abiria wa tatu. Alifika kituo cha nne ndipo aliposema.

"Kwa nini ulinishika mie?"

"Ningemshika nani? Yule mke wa watu."

"Mke wa watu! Mke wa watu ananivunja meno, weye unamtunzia heshima yake?"

"Bibi alisema..."

"Basi bibi yako anipe cheti."

Wiki ile nilikula maharage ya kopo siku tano mfululizo, mpaka kopo likaanza kunionea haya. Yeye hakugomba. Angegomba ningepumua. Alipiga pasi sare yake ya deki kila asubuhi, taratibu, na siku ya Jumatatu akasema kama anayesema na pasi: "Nitapiga deki mpaka nizeeke. Na siku ya kuzikwa kwangu nitaipiga deki njia mwenyewe, wapite wasiteleze."

Nikalibeba neno hilo mpaka kazini, nikaosha nalo sufuria zote. Kosa langu lilikuwa wapi? Kila nilipolitafuta nilimkuta bibi, na bibi hakuwahi kukosea. Isipokuwa mwaka mmoja, nikakumbuka, mwaka nilioacha shule. Mwaka ule ugomvi ulizuka na milango haikufunguka. Kila mtu alijifungia na walio wake, na hapana aliyetoka kumshika yeyote. Tulichokiona baadaye mtaani sikuwahi kumhadithia mtu, na sitaanza leo. Lakini siku ile, mikono ndani ya povu, niliona kwamba kumbe amri ya bibi ilikuwa ya watu wawili. Mimi nishike wangu, na kule awepo wa kushika wake.

Alhamisi tukaingia ofisini kwa mkuu: mke wangu, mama wa Kikenya, mwalimu, mimi, na mama wa Mwanza aliyeitwa kama mwenye silaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilianza na kuzaliwa kwa bibi. Nilipofika kwenye harusi yake mkuu akaangalia saa, akamgeukia mama wa Kikenya, akamuuliza swali moja tu: kwa nini ulimpiga mwenzako?

Yule mama alianza kwa Kiingereza, akakwama. Mabega yake makubwa yakashuka. Naye pia alikuwa akikitaka cheti, nikaelewa baadaye, kwa sababu zilezile. Akamgeukia mke wangu.

"Mama, wacha nikuambie ukweli. Mimi nilikuwa nangoja kushikwa."

"Kushikwa na nani?"

"Si na watu! Kwenu mtu hashikwi? Mimi niliona mzee hapa amekushika, nikajua sawa, wangu pia wako njiani. Nikarusha ile moja ya kuonyesha tu. Ile ya mtu anajua atashikwa. Mkono umeshatoka, kuangalia nyuma, hakuna mtu! Wamekaa! Wamekunja miguu wanatazama kama sinema!"

Mke wangu alimtazama. Nikaona pembe ya mdomo, ule upande mzima, inacheza.

"Hata mie," akasema polepole, "ningekuwa sikushikwa nisingethubutu kukutukana vile. Weye mkubwa hivyo!"

"Mimi ndio niliogopa! Ulisema ile ya basi la pili nikasema leo nimekwisha, heri wanishike haraka!"

Basi wakacheka. Mke wangu akaushika mdomo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, mwanamke weye, linaniuma!" Na kadiri alivyosema linaniuma ndivyo walivyozidi, mpaka mama wa Kikenya akaegemea kabati la mafaili na kabati likasogea.

Mkuu wa chuo akatutazama mmoja mmoja. Mama wa Mwanza akamfasiria, kwa Kiingereza chake kizuri cha dukani: hawa wawili hawakutaka kupigana, bibie. Kila mmoja alipiga kelele kwa kuwa aliamini atazuiwa. Mmoja akazuiwa, mwingine akasahauliwa. Kosa ni la walioketi. Nami nilikuwa nimeketi, akaongeza, na magongo ni yangu.

Mwalimu akainuka kwenye kiti kama aliyeumwa na nyuki. "Lakini hilo ndilo swali la mtihani!" akasema. Akamwambia mkuu kwamba miaka yote wanafunzi wake humlaumu binamu, au rafiki, au bahati mbaya, na hajapata mmoja aliyeuliza kwa nini hapana mtu aliyemshika binamu, na njia imejaa watu. Akaomba wanawake hao warudi, na utetezi wao wauandike kama insha.

Mkuu alivua miwani, akaifuta muda uliotosha mtu kuoka mkate. Kisha akaamua. Wote wawili warudi. Magongo yarudi Wembley. Na yule bwana, akasema akininyooshea kalamu, asiamue tena ugomvi wowote ndani ya jengo hili.

Tulipotoka koridoni mke wangu akamwambia mwenzake, "Kile kiti tutakaa kwa zamu. Jumanne mie, Alhamisi weye."

"Na mandazi?"

"Nitakupikia makubwa. Nitakupikia moja ulibebe kwa mabasi yote mawili."

Wiki mbili nzima nilimwona mke wangu akiandika mezani jikoni baada ya kazi, mdomo ukipungua na kurasa zikiongezeka. Aliandika kama yule aliyechomwa, maana alisema hapana anayemjua vizuri kuliko yeye. Aliandika kwamba kijana alimshika rafiki yake kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyompa binamu nafasi; na kwamba mji mzima ulikuwa pale, mabwana, watumishi na wapita njia, na kila mmoja alidhani kumshika binamu ni kazi ya mtu mwingine. Mwalimu aliisoma insha ile mbele ya darasa, na safari hii wa mlangoni na wa dirishani wote waliangalia viatu vyao. Mimi niliandika kurasa tatu juu ya washenga. Nilifaulu, ndiyo maana leo najiita mhitimu, lakini nilifaulu kwa kupita chini ya mlango. Mke wangu alipata alama ya juu darasani, na Januari akavaa sare nyingine. Mama wa Kikenya alimfuata kwa alama mbili, na alimwambia kila mtu kwamba mbili hizo ni za kile kiti.

Siku ya kupewa vyeti, mpiga picha aliwapanga wale wawili ukutani, vyeti vifuani. Nikaona pengo dogo kati yao, nikasema hapa panahitaji mwanamume. Nikajipenyeza, tumbo mbele.

"Toka hapo katikati!" wakaniambia wote wawili kwa sauti moja.

Nikatoka. Picha ipo ukutani kwetu mpaka sasa. Mimi nimeonekana mkono tu, pembeni, wa koti la kuazima. Mke wangu anacheka, na ukisogea karibu utaiona ile alama ndogo mdomoni. Na mkono wa yule mama umemshika kiwiko, kwa nguvu, kama unavyomshika mtu wako unayemzuia asiende kupigana.